Njia tano za serikali kukusaidia kumiliki nyumba: unalipa nini, unabaki na nini

Mipango ya nyumba nafuu hutangazwa kwa namba moja tu, yaani malipo ya mwezi. Namba hiyo ndiyo inayoficha mengi. Mipango miwili yaweza kukutoza sawasawa kila mwezi, lakini baada ya miaka kumi mmoja ukakuacha na mtaji wa kununulia nyumba nyingine na mwingine ukakuacha mikono mitupu. Tofauti hutokana na mambo manne ambayo yamo kwenye mkataba wala hayamo kwenye bango: hati ina jina la nani, bei ikipanda faida ni ya nani, paa likivuja nani analitengeneza, na ukikwama kulipa miezi mitatu unapoteza nini.

Ili kulinganisha kwa haki, tuchukue nyumba ileile yenye thamani ya 100,000 kwa sarafu yoyote, riba ya benki 6% kwa mwaka na mkopo wa miaka 25. Kisha tuiuze baada ya miaka 10 kwa hali mbili: bei ikiwa imepanda hadi 140,000, na bei ikiwa imeshuka hadi 80,000. Gharama za wakili, dalali na mthamini hazimo.

| Njia | Malipo ya awali | Kwa mwezi, mwaka wa 1 | Unabaki na (140,000) | Unabaki na (80,000) |
|---|---|---|---|---|
| Mkopo wa benki wenye bima ya serikali | 3,500 | 677 | 65,000 | 5,000 |
| Benki 75% na serikali 20% | 5,000 | 483 | 54,700 | 6,700 |
| Umiliki wa ubia, sehemu ya 40% | 4,000 | 370 | 28,500 | 4,500 |
| Nyumba juu ya ardhi ya jamii, bei 70,000 | 3,500 | 428 | 29,200 | 19,200 |
| Mpangaji-mnunuzi, riba 3% | 10,000 | 427 | mkataba unasemaje? | mkataba unasemaje? |

Mstari wa mwisho haukuachwa wazi kwa uvivu. Tutaufikia.

Mkopo wa benki wenye bima ya serikali

Hapa serikali haikupi fedha. Inaiambia benki: huyu akishindwa kulipa, hasara tutaibeba sisi. Benki nayo inakubali malipo ya awali madogo. Marekani wamekuwa na mpango huu tangu 1934 kupitia shirika la FHA. Mwenye alama ya mikopo (namba inayoonyesha mtu analipaje madeni yake) ya 580 au zaidi hutoa 3.5% ya bei, na mwenye alama kati ya 500 na 579 hutoa 10%.

Bima hiyo unailipia wewe. Kuna 1.75% ya mkopo inayotozwa mwanzoni, ambayo kwa kawaida huongezwa kwenye deni lenyewe, na kuna ada ya kila mwaka ambayo kwa wakopaji wengi ni 0.55%. Kwa nyumba yetu, mkopo wa 96,500 unageuka 98,189 kabla hujaingiza hata godoro. Walioanza na chini ya 10% hulipa ada ya kila mwaka mpaka mkopo uishe. Walioanza na 10% au zaidi huachana nayo baada ya miaka 11. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu asubiri mwaka mmoja zaidi aongeze akiba.

Uzuri wake ni kwamba hati ni yako na ongezeko lote la bei ni lako. Ubaya wake huonekana miaka ya mwanzo, kwa kuwa deni hupungua polepole mno. Baada ya miaka 5 ya kulipa bila kukosa, salio bado ni 88,300. Bei ikiwa imeshuka hadi 85,000 na kazi ikakuhamisha mji, utauza nyumba na bado udaiwe 3,300. Mwenye uhakika wa kukaa miaka saba au minane hana sababu ya kuogopa sana, anayehamahama aogope.

Benki 75%, serikali 20%

Uingereza iliendesha mpango wa Help to Buy kuanzia 2013 hadi 2023 kwa nyumba mpya tu. Mnunuzi alitoa 5%, serikali ikamkopesha 20% (na 40% kwa London kuanzia 2016), benki ikamalizia. Miaka mitano ya kwanza mkopo wa serikali hauna tozo. Mwaka wa sita tozo ni 1.75%, na baada ya hapo hupanda kila mwaka kufuata mfumuko wa bei na nyongeza juu yake.

Watu wengi walikosea mahali pamoja: kudhani wanadaiwa 20,000. Deni ni 20% ya thamani ya nyumba siku unapolilipa. Nyumba ikifika 140,000 unadaiwa 28,000. Ikishuka hadi 80,000 unadaiwa 16,000, na ndiyo maana kwenye jedwali njia hii inamlinda mnunuzi zaidi kidogo kuliko ile ya kwanza bei zinapoporomoka. Tozo unazolipa kila mwezi hazipunguzi deni hilo hata senti moja. Tena huwezi kulipunguza kidogo kidogo kama deni la dukani: katika mpango ule, sehemu ndogo kabisa ya kulipa ilikuwa 10% ya thamani ya nyumba, na kabla yake ulimlipa mthamini ambaye taarifa yake ilidumu miezi mitatu. Taarifa ikipitwa na wakati benki ikiwa bado inachakata karatasi, unamlipa tena.

Mpango wa aina hii ukija kwako, liangalie swali la bei ya kuanzia kabla ya yote. Ruzuku inayomwezesha kila mtu kununua nyumba zilezile chache humfanya mjenzi apandishe bei. Mwaka 2022 kamati ya Nyumba ya Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza, iliandika kwamba katika maeneo yenye uhitaji mkubwa, Help to Buy ilipandisha bei kuliko thamani ya ruzuku yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusaini, tafuta nyumba ya ukubwa uleule katika mtaa uleule ambayo haimo kwenye mpango, hata kama ina miaka mitano ya uchakavu, uone inauzwa ngapi. Tofauti ikikaribia 20%, ruzuku imeishia mfukoni mwa mjenzi.

Umiliki wa ubia

Hii ndiyo njia inayoonekana rahisi kuliko zote na ndiyo inayohitaji kusomwa kwa makini kuliko zote. Unanunua sehemu, tuseme 40%, na unamlipa mwenye jengo kodi ya pango kwa sehemu iliyobaki. Kwenye hesabu yetu mkopo wa 36,000 unakula 232 kwa mwezi, na pango la 2.75% kwa mwaka juu ya 60,000 linakula 138. Jumla 370.

Sasa tazama yasiyo kwenye 370. Ada ya kutunza jengo (lifti, walinzi, taa za ngazi, bima ya jengo) unailipa yote, wala si 40% yake. Katika mikataba ya zamani ya Uingereza, hata matengenezo makubwa yalimwangukia mwenye sehemu kwa ukamilifu. Baada ya moto wa Grenfell Tower jijini London, Juni 2017, majengo mengi yalihitaji kubanduliwa vifuniko vya kuta vinavyoshika moto, na watu waliomiliki robo ya fleti wakakabidhiwa ankara ya fleti nzima, mpaka sheria ya 2022 ilipoweka mipaka. Mikataba mipya ya huko, inayoanzia 2021, inamwachia mwenye jengo matengenezo ya msingi kwa miaka 10 ya kwanza. Miaka hiyo kumi ina mwisho, na jengo la miaka kumi ndipo linapoanza kudai fedha.

Pango nalo hupanda kila mwaka kwa kufuata faharisi ya bei, wala halishuki bei ya nyumba ikishuka. Likipanda 3.5% kwa mwaka, ile 138 inafika karibu 194 baada ya miaka kumi.

Kuna ahadi ya kununua sehemu zaidi polepole mpaka ufike 100%. Ni ahadi ya kweli, ila unanunua kwa bei ya siku hiyo. Nyumba ikifika 130,000, kila 10% unayoongeza ni 13,000, pamoja na mthamini, wakili na ada ya benki ya kubadilisha mkopo. Gharama hizi za pembeni hazipungui kwa kuwa umeongeza sehemu ndogo, kwa hiyo kuongeza mara moja 30% ni nafuu kuliko kuongeza mara tatu 10%. Mikataba mipya inaruhusu 1% kwa mwaka kwa miaka 15 bila mthamini. Inasaidia, lakini miaka 15 hiyo inakufikisha 55% tu ukianzia 40%.

Jambo zito kuliko yote ni la kisheria. Katika mikataba mingi ya aina hii wewe bado ni mpangaji mpaka umalize 100%. Mwaka 2007 mahakama moja nchini Uingereza iliamua kwamba mwenye sehemu aliyelimbikiza deni la pango angeweza kuondolewa na kupoteza pia sehemu aliyoinunua, kwa kuwa mbele ya sheria alichokuwa nacho ni upangaji. Tafuta kifungu kinachosema kinyume: kwamba ukiondolewa, nyumba inauzwa na unapewa thamani ya sehemu yako baada ya kukata madeni. Kisipokuwemo, kiombe kiandikwe. Wakikataa, umeshajua unanunua nini.

Je, njia hii haifai kabisa? Rudi kwenye jedwali. Kati ya mwenye bima na mwenye ubia kuna tofauti ya 307 kila mwezi, ambayo kwa miaka kumi ni karibu 36,800. Ukiondoa nyongeza ya pango, inabaki karibu 34,000. Ukijumlisha na 28,500 unafika 62,500, karibu sawa na 65,000 za mwenzako. Maana yake ubia unalipa kwa mtu ambaye ile tofauti ataiweka akiba mwezi hadi mwezi, kwenye akaunti asiyoigusa. Kwa mtu anayechagua ubia kwa sababu 370 ndiyo yote aliyonayo, hakuna tofauti ya kuweka, na ada ya jengo itamkuta hana akiba.

Mpangaji-mnunuzi

Shirika la nyumba la serikali linajenga, wewe unatoa malipo ya awali, kisha unalipa kila mwezi kama mpangaji mpaka bei iishe. Hati inahamia kwako baada ya senti ya mwisho. Kenya ni mfano wa karibu: Shirika la Nyumba la Taifa limeuza nyumba kwa mtindo huu kwa muda mrefu, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayokusanya tozo ya 1.5% ya mshahara kutoka kwa mfanyakazi na 1.5% kutoka kwa mwajiri, imeupanua.

Faida yake ni riba. Kwa 3%, deni la 90,000 linahitaji 427 kwa mwezi. Kwa 6% ya benki lingehitaji 580. Serikali inakupa 153 kila mwezi kwa miaka 25, na hiyo ni ruzuku kubwa kuliko nyingi zinazopigiwa ngoma. Isitoshe, fundi au mfanyabiashara ambaye benki haimtaki kwa kukosa hati ya mshahara anaweza kukubaliwa hapa.

Hatari yake ni ile miaka 25 ya kulipa bila hati. Ukitoka baada ya miaka 10 utakuwa umetoa 61,200, pamoja na malipo ya awali. Unarudishiwa ngapi? Mikataba mingine hurudisha malipo ya awali tu na kuhesabu yaliyobaki kuwa kodi. Mingine hurudisha sehemu ya deni uliyokwisha kuipunguza. Mingine hainyanyui mdomo, na hapo mkataba hutafsiriwa na mwenye hati. Jiji la Chicago lina funzo chungu. Miaka ya 1950 na 1960 familia za Wamarekani Weusi, zilizonyimwa mikopo yenye bima ya FHA kwa sababu ya mitaa waliyoishi, zilinunua nyumba kwa mikataba ya malipo ya mwezi ambayo kukosa mwezi mmoja kulitosha kupoteza nyumba na kila kilicholipwa. Mwaka 1968 wanunuzi hao walianzisha umoja wao, Contract Buyers League, wakagoma kulipa wakidai mikataba ipitiwe upya. Wauzaji wale walikuwa watu binafsi, si serikali, lakini umbo la mkataba ni lilelile.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, nenda ofisi ya ardhi ukatafute hati mama ya kiwanja. Unataka kuona mambo mawili: kiwanja kina jina la shirika linalokuuzia, na hakijawekwa rehani kwa benki iliyogharamia ujenzi. Kikiwa na rehani, omba barua ya benki inayokubali kuachilia kila fleti inapolipwa. Uliza pia kama jengo litasajiliwa ili kila fleti ipate hati yake. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na Kenya ilitunga mpya 2020, lakini kuwepo kwa sheria hakumaanishi kwamba michoro ya fleti zenu imepelekwa kwa mpima. Halafu ulizia bima ya maisha: mlipaji akifariki mwaka wa 12, deni linafutwa na bima au linawakuta mjane na watoto? Na kuuza je? Sheria ya Kenya ya 2024 inamtaka mnunuzi apate kibali cha maandishi cha Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu kabla ya kuuza. Weka risiti zote, na kila Januari omba taarifa ya salio yenye muhuri. Mifumo ya malipo hubadilishwa, na kumbukumbu za miaka ya mwanzo ndizo hupotea.

Nyumba yako, ardhi si yako

Kuna matawi mawili hapa, na yanafanana kwa karatasi kuliko kwa matokeo.

La kwanza ni Singapore. Shirika la nyumba la serikali, HDB, lilianzishwa 1960, likaanza kuuza fleti 1964, na kuanzia 1968 wananchi wakaruhusiwa kulipia kwa akiba zao za lazima za uzeeni. Sehemu kubwa ya wakazi, karibu wanane kati ya kumi, wanaishi humo. Unachonunua ni haki ya miaka 99. Huwezi kuuza kabla ya kukaa miaka 5, au 10 kwa fleti za maeneo yanayotamaniwa zaidi. Ukiuza, fedha ulizochota kwenye akiba ya uzeeni zinarudi humo pamoja na riba ambayo zingezaa, kwa hiyo fedha taslimu mkononi huwa pungufu ya wengi wanavyotarajia. Mwisho wa muda ni mwisho kweli: tarehe 31 Desemba 2020 nyumba 191 za Geylang Lorong 3, zilizokuwa na haki ya miaka 60, zilirudi serikalini bila fidia. Zilikuwa za watu binafsi, si za HDB, ila kanuni ni moja. Ukinunua haki iliyobakiza miaka 50, hesabu mnunuzi wako wa baadaye atabakiwa na mingapi na kama benki itamkopesha. Wanaotaka kuiga Singapore wakumbuke pia sheria yao ya kutwaa ardhi ya 1966, iliyoipa serikali ardhi kwa bei ya chini. Bila ardhi rahisi, fleti rahisi haipatikani.

La pili ni amana ya ardhi ya jamii. Chombo kisicho cha faida kinamiliki ardhi milele, wewe unamiliki nyumba iliyo juu yake na kulipa kodi ndogo ya ardhi. Mfumo ulianzia Georgia, Marekani, 1969. Wa Burlington, Vermont, ulioanza 1984 ndio unaotajwa zaidi. Wakazi wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, Kenya, waliujaribu miaka ya 1990. Unanunua kwa bei ya chini, na ukiuza unapata ulicholipa pamoja na sehemu ya ongezeko, mara nyingi robo. Kwa mfano wetu robo ya 40,000 ni 10,000, basi unauza kwa 80,000. Bei ya soko ikishuka hadi 80,000, bado 70,000 yako iko chini ya soko na mnunuzi anapatikana. Ndiyo maana safu ya mwisho ya jedwali inakipa chombo hiki ushindi mkubwa. Hutatajirika hapa, lakini si rahisi kuzama.

Ruzuku ya mkupuo na nusu nyumba

Nje ya njia hizo tano kuna msaada mwingine. Kwa kipato cha chini kabisa mkopo wa aina yoyote ni mzigo, na serikali nyingine hutoa nyumba au ruzuku moja kwa moja. Huko Iquique, Chile, mradi wa Quinta Monroy wa 2004 ulitumia ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, ikalipia ardhi, miundombinu na nusu ngumu ya nyumba: kuta za kubeba, ngazi, jiko na choo. Nusu nyingine familia zilijijengea. Afrika Kusini hutoa nyumba kamili, ikiwa na sharti la kutouza ndani ya miaka 8. Watu huuza hata hivyo kwa karatasi za mkononi, na mnunuzi anabaki na nyumba isiyo na hati. Usiwe huyo mnunuzi, hata bei ikivutia.

Uchague ipi

Mwenye kipato cha uhakika, akiba ndogo na nia ya kukaa muda mrefu achukue mkopo wenye bima, akijitahidi kufikisha 10%. Mkopo wa serikali wa 20% unamfaa anayetarajia kipato kupanda ndani ya miaka mitano, akaulipe kabla tozo haijaanza kupanda. Asiyetambuliwa na benki aende kwa mpangaji-mnunuzi, lakini baada ya kifungu cha kurudishiwa fedha kuandikwa. Anayeogopa kuporomoka kwa bei kuliko anavyotamani faida atafute ardhi ya jamii, kama ipo. Ubia uwe wa mwisho kufikiriwa, na uwe wa sehemu kubwa kadiri unavyoweza kumudu: 60% au 75% badala ya 25%.

Kama unajua utahama ndani ya miaka mitatu, panga. Gharama za kununua na kuuza zitakula ruzuku yoyote kati ya hizi.

Angalia pia kikomo cha kipato kinapimwa lini. Mipango mingine hupima siku ya kuomba, mingine siku ya kukabidhiwa funguo, na kati ya siku hizo mbili huweza kupita miaka mitatu au minne ya ujenzi. Mkiwa wawili na mmoja anakaribia kuajiriwa, uliza kwa maandishi kipato chake kitahesabiwa kuanzia lini kabla hamjalipia nafasi.